TIN: Namba ya Nani?

"Mimi siko patroni, kaka. Niko natumika peke yangu."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja mzaliwa wa Uvira, msusi wa nywele, aliyefika Marekani kwa njia ya ukimbizi. Tulikuwa jikoni kwake mwishoni mwa Januari, karatasi zimetandazwa mezani kati ya chupa ya chai na mafungu ya rasta. Karatasi mojawapo ilikuwa maelekezo ya kodi yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mstari aliokuwa akinionyesha kwa kidole ulisomeka: "Andika namba ya utambulisho wa mwajiri." Alikwisha kuuruka. Ana chumba kimoja cha kukodi, viti vitatu, na wasusi wawili wanaokuja Ijumaa na Jumamosi, ambao huwalipa kwa kila kichwa wanachosuka. Hakuna aliyeajiriwa pale. Neno mwajiri lilimwambia kwamba mstari ule ni wa wenye viwanda, kwa hiyo mahali pa namba ya mlipaji aliandika namba yake mwenyewe ya hifadhi ya jamii. Fomu za malipo ya wale wasusi zikatoka na namba hiyo nzima, tarakimu zote tisa, na kila mmoja wao akaenda na nakala yake nyumbani.

Kwa Kiswahili cha Kivu, patroni ni bosi, na kutumika ni kufanya kazi. Mama yule alikuwa ameeleza hali yake ya kodi kwa usahihi kuliko karatasi iliyokuwa mbele yake: anafanya kazi, peke yake, bila bosi na bila waajiriwa. Nimefanya ukalimani na tafsiri kwa miaka mingi, na kosa lile nalihesabu kuwa la kwetu sisi wafasiri. Ndiyo sababu ya makala haya kuhusu istilahi moja fupi, TIN, na jamaa zake.

Kwa Mtanzania herufi hizo tatu hazihitaji maelezo. Ukienda kufungua duka, kusajili gari au kuomba leseni ya biashara, utaulizwa "tini namba". Jina lake rasmi ni Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ina tarakimu tisa, na siku hizi huipati bila kwanza kuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kenya kitu hichohicho huitwa PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya huko, na Kiswahili cha huko husema nambari badala ya namba, mlipa ushuru badala ya mlipakodi. Hapa pana mtego wa kwanza. Wakenya wengi wanaposikia PIN hufikiria kwanza ile ya simu au ya benki, nambari ya siri, ambayo humtajii hata ndugu yako. PIN ya KRA ni kinyume chake kabisa: mtu anayekulipa anaihitaji, mtu anayekuandikia ankara anaihitaji, na imetengenezwa ili ionekane. Jina moja limebeba namba ya kuficha na namba ya kutoa.

Lakini Kenya ina jambo moja ninalolipenda. PIN ya KRA huanza na herufi, na herufi hiyo inasema namba ni ya nani. A ni ya mtu binafsi. P ni ya kampuni na taasisi nyingine zisizo mtu. Mwenye duka aliyesajili jina la biashara, hata jina hilo liwe refu na la fahari kiasi gani, anaendelea kutumia A yake. Duka halipati P. Sheria inasema kwa herufi moja kwamba duka na mwenye duka ni mtu mmoja mbele ya kodi.

Marekani haina herufi hiyo, na TIN ya Marekani siyo TIN ya Tanzania. Hili ndilo jambo ambalo tafsiri nyingi hulipita bila kuligusa. Tanzania, TIN ni namba moja mahususi: unayo au huna. Marekani, TIN ni jina la ukoo. Chini yake kuna SSN, namba ya hifadhi ya jamii. Kuna EIN, ile inayotafsiriwa namba ya mwajiri. Kuna ITIN, inayotolewa tangu 1996 kwa mtu anayetakiwa kulipa kodi lakini hana haki ya kupata SSN, na ambayo daima huanza na tarakimu 9. Kuna ATIN ya mtoto anayesubiri kukamilishwa kwa uasili. Na kuna PTIN ya watayarishaji wa marejesho ya kodi. Fomu inapoandika "TIN" inauliza: katika ukoo huu, wewe unatumia ipi? Mtu wetu aliyekulia Mwanza au Morogoro akiona TIN kwenye fomu ya Marekani anaanza kutafuta ofisi ya kwenda kuiomba, ilhali SSN iliyo mfukoni mwake tayari ni TIN. Nimeona watu wakiacha nafasi hiyo wazi kwa sababu "bado sijapata TIN".

Kwa hiyo, katika tafsiri, siandiki TIN peke yake. Naandika "namba ya mlipakodi" kwa jina la ukoo, kisha mara ya kwanza nataja wanafamilia wanaomhusu msomaji huyo. Neno mlipakodi lina faida ambayo Kiingereza chake hakiizidi. Ni jina la mtu, kama mfanyakazi au mwanasheria. Linamwambia msusi kwamba namba ni ya anayelipa, si ya kiti anachokalishia wateja.

SSN nayo ina historia ya kusimulia, kwa sababu tafsiri yake imekaa mahali pabaya kwa bahati tu. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilipitishwa 1935, na namba za kwanza zilitolewa 1936 kwa kazi moja: kuandika mapato ya mtu ili ajulikane atalipwa nini akizeeka. Kuanzia 1946 hadi 1972 kadi zilizotolewa zilichapishwa onyo kwamba hazikukusudiwa kuwa kitambulisho. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1962, IRS, mamlaka ya mapato ya huko, ikaanza kuitumia kama namba ya kodi. Leo ni namba ya kodi, ya benki, ya kukopa, ya kupanga nyumba. Tukiandika "namba ya hifadhi ya jamii", Mtanzania anafikiria uanachama wa NSSF, jambo la pensheni, na haoni linahusiana vipi na kusuka nywele. Tafsiri ni sahihi kwa namba ya 1936. Kwa namba ya leo inahitaji maneno mawili matatu ya kuisindikiza.

Na SSN ndiyo inayobeba lile fumbo la PIN. Kila mtu Marekani huambiwa aifiche kama nambari ya siri, kwa sababu mwenye kuishika pamoja na jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa anaweza kukopa kwa jina lako. Papo hapo sheria ya kodi inakutaka uitoe kwa kila anayekulipa kwa kazi yako ya kujitegemea. Inaombwa kwa fomu W-9, ambayo haiendi IRS. Unampa mlipaji naye anaitunza. Mwisho wa mwaka mlipaji anaandika fomu 1099-NEC, nakala moja kwa IRS na moja kwako, kufikia Januari 31. Kwenye nakala yako anaruhusiwa kuficha tarakimu tano za namba yako na kuacha nne za mwisho. Namba yake yeye mlipaji haruhusiwi kuificha. Lazima ionekane yote.

Sasa rudi kwa msusi wetu. Yeye ni mpokeaji na mlipaji kwa wakati mmoja. Akipokea, namba yake inaweza kufichwa. Akilipa, namba yake inaanikwa. Mwenye biashara ya mtu mmoja asiye na EIN anaruhusiwa kutumia SSN yake kama mlipaji, na sheria haimlaumu. Lakini kila fomu anayompa mtu inatembea na namba yake nzima: kwenye mkoba wa msusi wa Ijumaa, kwenye droo ya mtayarishaji wa kodi wa msusi huyo, kwenye picha ya simu iliyotumwa kwa mume wake aliye safarini. Anayelipa watu watatu kwa mwaka ameacha SSN yake kwenye nyumba tatu.

Dawa yake ni EIN, na EIN ni bure. Inaombwa kwa fomu SS-4 au kwenye tovuti ya IRS yenyewe, na kwa njia ya tovuti namba hutoka hapohapo. Barua ya kuithibitisha huitwa CP 575, na ni ya kutunza pamoja na hati za kuzaliwa za watoto. Ukiikuta tovuti inayodai pesa kwa ajili ya EIN, inakuuzia kitu ambacho serikali inakigawa. Mwenye biashara ya mtu mmoja halazimiki kuwa nayo mpaka aajiri watu, au awe na mambo machache kama kodi za bidhaa maalumu au mpango fulani wa pensheni. Lakini anaruhusiwa kuiomba hata akiwa peke yake na kitana chake, na akishakuwa nayo ndiyo anayoitumia anapolipa wengine.

Hapo ndipo "namba ya utambulisho wa mwajiri" inapomponza msomaji. Kiingereza chenyewe kina jina hilohilo, na Mmarekani amezoea kulisikia bila kusikiliza neno mwajiri lililomo ndani yake. Kiswahili kinapolitafsiri neno kwa neno, mwajiri anaamka. Msomaji anamsikia, anajitazama, anaona hana mwajiriwa, anageuza ukurasa.

Nimejaribu badala kadhaa. "Namba ya biashara" ni fupi na watu huishika haraka, ila ina kasoro mbili. Kwanza inachanganywa na namba ya usajili au ya leseni. Kwa Mtanzania ni jambo la BRELA au halmashauri, si la kodi. Pili inamfanya mtu aamini kwamba biashara yake imekuwa kiumbe kinachojitegemea, chenye deni lake na kesi yake. EIN haifanyi hivyo. Biashara ya mtu mmoja ikishapata EIN inabaki kuwa yeye yuleyule, kama duka la Kenya linavyobaki na A. Siku hizi naandika "namba ya kodi ya biashara", na EIN mbele yake bila kutafsiri, kwa sababu atakayekwenda benki ataulizwa herufi hizo. Kisha naongeza: "hata kama huna mfanyakazi." Maneno haya ya mwisho hayamo kwenye Kiingereza. Nayaweka kwa sababu ndiyo maana yenyewe.

Neno linalofuata ni mkandarasi. Sheria ya Marekani inamwita yeyote anayefanya kazi kwa mkataba bila kuajiriwa kwa jina ambalo kamusi zetu hulitoa kama mkandarasi, na tafsiri nyingi zinasema "mkandarasi wa kujitegemea". Kwa Kiswahili cha kila siku mkandarasi ana kofia ngumu kichwani. Anajenga barabara, daraja, madarasa; Tanzania ana hata bodi yake, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mwambie mama yule kwamba ametoa taarifa za malipo ya wakandarasi, atatazama ukuta kuona nani kaugonga nyundo. Kibarua nalo halifai. Ni neno zuri lenye asili ya kupendeza, kwa maana kibarua ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu wa kazi za kutwa. Lakini leo linamshusha hadhi fundi wa kompyuta au mkalimani wa mahakamani, ambao wote hupokea 1099. "Mfanyakazi huru" linajipinga, kwa sababu kikodi hoja nzima ni kwamba huyu si mfanyakazi wako.

Kwenye maandishi rasmi natumia "mtoa huduma wa kujitegemea". Mezani natumia kitenzi: "watu uliowapa kazi bila kuwaajiri." Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Na kitenzi hicho kinazua swali la haki ambalo nomino huwa inalifunika: je, ni kweli hukuwaajiri? IRS haitazami mliitana nani. Inatazama ni nani anayeamua saa za kazi, namna ya kuifanya, vifaa, na bei. Msusi anayekuja akiwa na wateja wake na kitana chake ni jambo moja. Anayepangiwa zamu na kuambiwa asuke vipi ni jambo jingine, na kwa huyo wa pili fomu ni nyingine kabisa.

Niseme kidogo pia kuhusu jina la fomu yenyewe. NEC imefupishwa kutoka maneno ambayo tafsiri moja niliyoiona iliyaita "fidia ya asiye mfanyakazi". Fidia kwetu hulipwa aliyeumia, au aliyebomolewa nyumba kupisha barabara. Msusi aliyeambiwa atapokea fomu ya fidia alikuwa na haki ya kuuliza nani kamgonga. Ni ujira. "Ujira wa asiyeajiriwa" inatosha. Fomu hiyo ilirudishwa kwa malipo ya mwaka 2020 baada ya kupumzishwa tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Katikati hapo malipo hayo yaliandikwa kwenye 1099-MISC, na wazee wa kazi bado wanaiita hivyo. Kiwango cha kuandikia fomu kilikuwa dola 600 kwa mwaka kwa kila mpokeaji, hakikuguswa tangu 1954. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imekipandisha hadi dola 2,000 kwa malipo ya kuanzia 2026. Aliyelipwa chini ya hapo bado anadaiwa kodi ya mapato hayo. Kilichopungua ni karatasi.

Kinachotokea usipotoa namba kina jina zuri Tanzania, kodi ya zuio, na sioni haja ya kubuni jingine. Tofauti ni moja. Tanzania mlipaji hukata asilimia 5 ya ada ya huduma ya mkazi kama jambo la kawaida, kisha mtoa huduma anapata cheti cha zuio. Marekani, kwa mtu wa ndani, kwa kawaida hakuna makato. Analipwa yote na anajitafutia kodi yake mwenyewe. Asipotoa namba, au IRS ikimwandikia mlipaji kwamba jina na namba havilingani, ndipo mlipaji anapotakiwa kukata asilimia 24. Naiita "kodi ya zuio kwa kukosa namba". Mtu akilisikia jina hilo anajua ameikosea wapi na ataiondoaje.

Na hapo penye kulingana kwa jina na namba ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Mashine ya IRS inashika herufi nne za mwanzo za jina la mwisho. Kama jina la mwisho kwenye kadi ni Mwinyimkuu, inatafuta MWIN. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na hapo utotoni hakuna aliyemwambia lipi ni "la mwisho" kwa maana ya Wamarekani. Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na karatasi za ukimbizi huyapanga zinavyotaka. Mtu akijaza W-9 kwa jina analoitwa kanisani, au kwa jina la saluni, herufi nne hazikutani na barua inaondoka IRS. Kanuni ya W-9 kwa biashara ya mtu mmoja ni hii: mstari wa kwanza ni jina lako kama lilivyo kwenye marejesho yako ya kodi, jina la biashara linakaa mstari wa pili, namba ni SSN yako au EIN yako. Hata ukitoa EIN, jina la kwanza linabaki lako. Jina la biashara haliruhusiwi kusimama peke yake. Ile fomu inajua mwenye namba ni mtu.

Jikoni pale tulianza upya. Fomu zilizokwishatoka hazikuwa na makosa kisheria, kwa hiyo hatukuzigusa; mwaka uliokuwa umeanza ndio tulioushughulikia. Nilichukua kalamu, nikafuta ule mstari kwenye karatasi yake, nikaandika juu yake: "Andika namba yako ya kodi ya biashara, EIN, hata kama huna mfanyakazi. Kama hujaiomba, andika SSN yako, lakini ujue kwamba unayemlipa ataiona yote."

Aliusoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika "ataiona yote" akanyamaza, akaitazama nakala ya fomu ya msusi mmoja iliyokuwa bado mezani, kisha akaigeuza uso chini.

"Hiyo EIN wanalipisha pesa ngapi?"

"Hawalipishi kitu, mama."

Akamwita binti yake alete kompyuta.